Goti la Pembe

Tarehe 20 Mei 1890, mjini Berlin, mpasuaji Themistocles Gluck alilifungua goti la msichana wa miaka 17 lililoharibiwa na kifua kikuu cha mifupa. Alikata ncha zilizoliwa za fupa la paja na la muundi, na mahali pake akaweka bawaba iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Vigingi vya bawaba hiyo alivishindilia ndani ya uwazi wa mifupa, akavigandisha kwa plasta iliyochanganywa na utomvu wa misonobari. Hapo ndipo historia ya goti bandia inapoanzia. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri.

Wiki sita baadaye, tarehe 1 Julai, katika mji huohuo, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar, na visiwa vyetu vikawekwa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Kila aliyesoma historia shuleni anaujua mkataba huo. Habari za goti ni wachache waliozisikia. Hata hivyo mambo haya mawili hayakuwa mbalimbali kama yanavyoonekana. Pembe ilifanya kazi nyingi ambazo leo zinafanywa na plastiki: funguo za piano, mipira ya biliadi, vitana, mipini ya visu. Pembe laini ya Afrika Mashariki ilipendwa sana na mafundi wa Ulaya, na soko lake kuu lilikuwa Zanzibar, ambako makampuni ya Hamburg kama O'Swald na Hansing yalikuwa na maghala tangu katikati ya karne ya 19. Kufika hapo, pembe ilibebwa mabegani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000 za kupanda na kushuka. Hakuna aliyeandika magoti mangapi ya wapagazi yalisagika njiani.

Nimeanza kwa makusudi na hilo la kutoandika. Ukiifuata njia ya upasuaji wa goti tangu Berlin ya Gluck hadi wodi zetu za leo, utakutana na majina makubwa, vyuma vya kila namna na saruji za kila aina. Lakini kilichobadilisha hali ya mgonjwa, kwa maoni yangu, kilikuwa tabia moja ambayo wapasuaji walichelewa mno kuipata: kumwandika kila mgonjwa, kumfuata miaka kumi na zaidi, na kusema hadharani ni wangapi walioharibikiwa.

Kabla ya Gluck, goti lilikuwa kiungo cha kuogopwa. Ndani yake mna uwazi mkubwa kuliko wa kiungo kingine chochote mwilini, wenye ute unaopendwa na vijidudu. Askari aliyepigwa risasi ya goti katika vita vya karne ya 19 kwa kawaida alikatwa mguu juu ya jeraha, maana kuuacha kulikuwa kusubiri kifo. Wapasuaji wachache, William Fergusson wa London akiwa mmojawapo, walithubutu kukata ncha za mifupa iliyooza na kuuacha mguu uning'inie au ugande wima. Mgonjwa akipona, alipona na mguu mfupi.

Aliyelegeza hofu hiyo ni Joseph Lister. Tangu 1865, huko Glasgow, alikuwa akiosha majeraha kwa asidi ya kaboliki. Alipohamia London mwaka 1877, mnamo Oktoba alimchukua mtu aliyevunjika pia ya goti, akalifungua goti lililokuwa zima upande wa ngozi, akakishona kifupa kwa waya wa fedha. Wenzake walishtuka. Kuvunjika pia ya goti hakuui. Kulifungua goti kuliua. Walikuwapo waliosema mgonjwa akifa Lister afikishwe mahakamani. Mgonjwa hakufa, na jeraha halikutoa usaha. Toka siku ile iliwezekana kuuingia uwazi ule na kutoka salama, mradi mikono na vyombo viwe safi.

Gluck aliuingia kwa ujasiri wa mtu aliyezaliwa baada ya hofu. Alikuwa mzaliwa wa Iași, katika Romania ya leo, na kabla ya kuigusa mifupa ya watu alikuwa ameijaribu pembe katika miili ya wanyama na kuona kwamba tishu zinaivumilia. Baada ya goti la msichana yule aliweka viungo vingine vya pembe, vikiwamo vya kiwiko na kifundo cha mkono. Tatizo lake lilikuwa wagonjwa aliowachagua. Wote walikuwa na kifua kikuu cha viungo, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na dawa, na pembe safi iliyowekwa katika mfupa wenye vijidudu haiwezi kubaki safi. Muda ulivyopita vidonda vilifumuka, usaha ukatoka, viungo vikatolewa.

Agosti 1890 Berlin ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Kumi wa Kimataifa wa Tiba. Gluck alitaka kueleza kazi yake. Ernst von Bergmann, kigogo wa upasuaji wa Ujerumani na mtu aliyepata kuwa mkubwa wake wa kazi, alimzuia. Aliona kijana huyu angeiaibisha sayansi ya Ujerumani mbele ya wageni. Katika mkutano huohuo Robert Koch alipewa jukwaa na kutangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Dunia ilipagawa kwa shangwe, kisha ikaja kuonekana kwamba dawa yake, tuberkulini, haiponyi, na baadhi ya waliodungwa iliwadhuru. (Koch huyohuyo alifika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria.) Basi mkutano mmoja ulimziba mdomo mtu aliyeshindwa na kumshangilia mwingine aliyekuwa njiani kushindwa.

Wengi wanaosimulia kisa hiki humfanya von Bergmann kuwa mwovu na Gluck kuwa nabii. Sikubaliani nao moja kwa moja. Von Bergmann alikuwa miongoni mwa walioleta utaratibu wa kuchemsha vyombo kwa mvuke, na alikuwa sahihi kwamba viungo vile havikuwa tayari kwa watu. Kosa lake ni kuufungia ukweli kabatini. Gluck angesimama na kusema, nimeweka pembe katika magoti yenye kifua kikuu na yameharibika, wapasuaji wa miaka iliyofuata wangeanzia pale alipoishia. Badala yake somo lile lilisahauliwa kwa nusu karne, na kuna waliolilipia upya.

Nusu karne hiyo naipita haraka. Wapasuaji waliacha kubadilisha goti wakajaribu kulitandika. Waliweka kati ya mifupa utando wa paja la mgonjwa mwenyewe, mafuta, kibofu cha nguruwe kilichotiwa dawa, hata nailoni, wakitumaini kwamba mifupa itateleza. Mara nyingi goti liliganda tena au lilipwaya. Kwa mtu mwenye maumivu makali, njia ya uhakika ilikuwa kuligandisha goti liwe wima milele. Maumivu huisha, lakini mtu huyo hawezi tena kukaa katika kiti cha basi bila mguu wake kuziba njia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bawaba zilirudi. Mwaka 1951 Msweden Börje Walldius aliweka bawaba ya akriliki, baadaye akabadili kuwa ya kobalti na kromiamu. Mwingereza Shiers akatumia chuma cha pua. Wafaransa nao wakaleta ya kwao iliyojulikana kama GUEPAR mwaka 1970. Wagonjwa waliokuwa vitandani waliinuka wakatembea, na picha zao zilivutia. Kisha zikaanza kuja habari za vyuma vilivyolegea, mifupa iliyopasuka na maambukizi yasiyokoma.

Sababu yake inaeleweka ukilitazama goti linavyofanya kazi. Tunaliona likikunja na kukunjua, tukadhani linazunguka mhimili mmoja tu. Kumbe linapokunja, fupa la paja linaviringika kwenda nyuma na wakati huohuo linateleza juu ya muundi, na muundi nao unajizungusha kidogo. Unapotembea tu, goti linabeba mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Ukipanda ngazi linabeba zaidi. Bawaba haikubali mzunguko, kwa hiyo kila ukigeuka, nguvu yote ya kujipinda inakwenda pale chuma kinaposhikana na mfupa. Hatua moja haina madhara. Hatua milioni kwa mwaka zinalegeza. Na kwa kuwa bawaba ilihitaji mfupa mwingi ukatwe, siku ya kuitoa hapakuwa na mfupa wa kutosha wa kuanzia upya. Baadhi ya waliotembea kwenye picha waliishia kukatwa mguu.

Njia sasa inatuingiza Lancashire, Kaskazini mwa Uingereza, katika hospitali ya Wrightington iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Hapo alifanya kazi John Charnley, na hapa nataka tukae kidogo, ingawa yeye alikuwa mtu wa nyonga.

Charnley alitafuta kitu kinachoteleza. Akapata Teflon, akaiweka katika nyonga za wagonjwa wapatao 300. Ndani ya miaka michache Teflon ilikuwa imelika, na vumbi lake likazua uvimbe mwilini kiasi cha kula mfupa. Ilibidi wagonjwa hao warudi mezani. Charnley alikuwa na njia nyingi za kukwepa. Angeweza kuwalaumu wagonjwa, uzito wao, au saruji ya kugandishia kiungo. Yeye alijidunga vipande vya Teflon katika paja lake mwenyewe pamoja na vya plastiki nyingine, akangoja, kisha akaandika katika jarida la Lancet mwaka 1963 jinsi Teflon ilivyomvimbisha. Ile plastiki nyingine ilikuwa poliethilini nzito, iliyofika Wrightington mwaka 1962 mikononi mwa mchuuzi aliyeitembeza kama kifaa cha gia za mashine za viwanda vya nguo. Fundi wa karakana, Harry Craven, aliijaribu kwenye mashine ya kusugua wakati Charnley hayupo. Ilidumu kuliko chochote walichowahi kusugua. Mpaka leo, katika goti bandia la kawaida, chuma kinateleza juu ya jamii ya plastiki hiyohiyo.

La pili alilofanya Charnley ni kuhesabu maambukizi. Aligundua kwamba wagonjwa takriban 7 kati ya kila 100 walipata usaha ndani kabisa, kwenye kiungo. Idadi hiyo kwa mpasuaji wa tumbo ingeweza kuvumilika, lakini chuma hakina damu. Vijidudu vikishajibandika juu yake hujifunika utando wa ute, na dawa inayopita katika damu haivifikii. Mgonjwa atameza antibiotiki miezi sita, atapata nafuu, ataziacha, usaha utarudi. Tiba ya maambukizi yaliyokwisha kukomaa ni kutoa kila kitu, kusafisha, kungoja wiki kadhaa na kuweka kipya. Na mara nyingine hakiwekwi tena. Charnley alijenga kibanda ndani ya chumba cha upasuaji, hewa iliyochujwa ikishuka juu ya mgonjwa, na wapasuaji wakavaa vazi linalofyonza pumzi zao. Maambukizi yakashuka hadi chini ya 1 kwa 100. Wengi hawakumwamini, wakidai kilichosaidia ni antibiotiki. Ikabidi Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lipime katika hospitali 19, operesheni zaidi ya 8,000 za nyonga na goti. Majibu yalitoka 1982: katika vyumba vya kawaida maambukizi yalikuwa asilimia 1.5, katika hewa safi asilimia 0.6.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi. Charnley aliwaomba wagonjwa wake wakubali kwamba wakifa, kwa ugonjwa wowote, kiungo alichowawekea kitolewe na kurudishwa kwake akipime. Wengi walikubali. Mpasuaji alitaka kuiona kazi yake hata baada ya mgonjwa kufa.

Wrightington ndiko alikofika Frank Gunston, Mkanada wa Winnipeg aliyekuwa mhandisi kabla ya kuwa daktari. Alichukua chuma na plastiki ya Charnley akaviunda kwa umbo la goti: vipande viwili vidogo vya mviringo upande wa paja, mifereji miwili ya plastiki upande wa muundi, bila bawaba, kano za mgonjwa zikiachwa zishike kiungo. Alikiweka mara ya kwanza mwaka 1968 na kukichapisha 1971. Hakukisajili kwa hataza, akaacha kila mtu aige. Waigaji hawakukosekana. Mjini New York, katika Hospital for Special Surgery, John Insall, Chitranjan Ranawat na mhandisi Peter Walker walizaa mwaka 1974 goti lililofunika ncha yote ya paja na yote ya muundi. Magoti mengi yanayowekwa leo ni wajukuu wa goti lile. Hamburg nayo, mji ule wa wafanyabiashara wa pembe, ikachangia: mwishoni mwa miaka ya 1960 Hans Wilhelm Buchholz alianza kuchanganya antibiotiki ya jentamaisini ndani ya saruji ya mifupa, ili dawa itoke palepale chuma kilipo.

Hapa wasimuliaji wengi huishia, goti limepatikana. Lakini mwaka 1975 lilitokea jambo huko Lund, Sweden, ambalo halikuwa na chuma wala plastiki. Wapasuaji wa nchi nzima walikubaliana kuandika katika daftari moja kila goti bandia wanaloweka: la nani, la aina gani, lini, wapi. Likitolewa au likirekebishwa, nalo liandikwe. Kila Msweden ana namba yake ya utambulisho, kwa hiyo aliyepasuliwa mji mmoja akaharibikiwa katika mji mwingine hapotei. Lilikuwa daftari la kwanza la taifa zima la viungo bandia duniani.

Faida yake haikuonekana mwaka wa kwanza wala wa tano. Mpasuaji mmoja anayeweka magoti 30 kwa mwaka hawezi kujua kwamba aina fulani inaharibika mara mbili ya nyingine. Wagonjwa wake wawili walioharibikiwa atawaita bahati mbaya. Daftari lenye maelfu halikubali bahati mbaya. Norway walifuata mwaka 1987 kwa nyonga, na miaka michache baadaye saruji mpya iliyoitwa Boneloc, iliyotangazwa kuwa bora kwa kuwa haipati joto kali inapoganda, ikaonekana kwenye daftari lao kuwa inalegea mapema mno. Mwaka 1995 iliondolewa sokoni. Uingereza, pamoja na majina yake makubwa, ilianza daftari lake baada ya aina moja ya nyonga kushindwa vibaya miaka ya 1990. Fomu za kwanza zilijazwa 2003.

Kwa madaftari hayo tunaweza leo kumjibu mgonjwa anayeuliza goti bandia linadumu miaka mingapi. Mwaka 2019 watafiti waliounganisha takwimu za Australia na Finland walieleza katika Lancet kwamba magoti kamili 82 hivi kati ya 100 huwa bado yamo mwilini baada ya miaka 25. Yale ya nusu goti ni 70 hivi. Ukikumbuka bawaba za GUEPAR, hayo ni mafanikio makubwa.

Ila daftari nalo lina upofu wake. Linahesabu magoti yaliyotolewa. Halihesabu magoti yanayouma. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kwamba kati ya mgonjwa 1 kwa 10 na 1 kwa 3 aliendelea kuwa na maumivu ya kumsumbua muda mrefu baada ya kubadilishwa goti. Nyonga haina tabu hiyo kwa kiwango kile. Wengine chuma kimekaa sawa kwenye picha ya eksirei, kipimo cha damu kiko safi, na bado usiku hawalali. Wengine goti hukakamaa kwa makovu, ikabidi wapewe nusu kaputi likunjwe kwa nguvu. Wapo wanaoganda damu katika vena za mguu, na bonge likipanda hadi mapafuni linaweza kuua mtu aliyekuwa anajiandaa kurudi nyumbani. Mwaka 2015 Wadenmark walichapisha utafiti wa wagonjwa 100, nusu wakapata goti bandia pamoja na mazoezi, nusu mazoezi na tiba nyingine bila kisu. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi. Pia walipata madhara makubwa mara 24, wenzao mara 6. Na kati ya wale wa mazoezi, robo tatu hivi walimaliza mwaka bila kuomba kisu.

Kuna tawi la njia hii ambalo sitaki kuliruka, kwa sababu linawagusa vijana wa mpira. Ndani ya goti mna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Thomas Annandale wa Edinburgh alimshonea mgonjwa gegedu hiyo mwaka 1883, akairudisha mahali pake. Alikuwa mbele ya wakati wake. Waliokuja nyuma walishawishika kwamba gegedu hizo ni masalio yasiyo na kazi, wakazing'oa kwa maelfu, hasa kwa wachezaji. Mwaka 1948 Mwingereza Fairbank alirudi kuwatazama waliong'olewa, akakuta katika picha zao dalili za goti linalosagika. Ilichukua miongo mingine wenzake kumsikiliza. Wajapani, kuanzia Kenji Takagi aliyechungulia goti la maiti kwa bomba la kutazamia kibofu mwaka 1918, hadi Masaki Watanabe aliyekata kipande cha gegedu kwa njia hiyo mwaka 1962, walitupa tundu dogo badala ya mkato mrefu. Na kwa kuwa tundu ni dogo, likatobolewa ovyo. Wazee wenye magoti yaliyosagika waliingizwa bomba, wakaoshwa na kukwanguliwa. Mwaka 2002 Bruce Moseley wa Houston alichapisha jambo la ajabu: wagonjwa 180 waligawanywa kwa kura, wengine wakaoshwa goti kweli, wengine wakachanjwa ngozi tu wakashonwa. Hapakuwa na tofauti kati yao.

Na kwetu? Miaka ya 1960, wakati Gunston anaunda goti lake, goti la Afrika Mashariki lililojaa mahospitalini lilikuwa la mtoto wa polio, lililojikunja likakataa kunyooka, mtoto akitambaa. Pale Mulago, Kampala, Ronald Huckstep aliwakata watoto hao kano zilizokaza, akawafunga plasta, kisha akawapa vyuma vya mguu na viatu vya mbao vilivyotengenezwa na mafundi wa hapohapo kwa bei ndogo. Hakungoja chuma cha Ulaya. Kitabu chake cha polio kwa nchi zinazoendelea, cha mwaka 1975, kinaeleza hata jinsi ya kukunja vyuma hivyo.

Goti bandia lilikuja baadaye. Tanzania iliunda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kwa sheria ya mwaka 1996, na kubadilisha nyonga na magoti sasa ni sehemu ya kazi zake. Nchini Malawi, Blantyre, wapasuaji waliona mapema kwamba kuweka viungo bila kuvihesabu ni kurudia makosa ya wengine, wakaanzisha mwaka 2005 daftari la taifa la viungo bandia, nchi ikiwa na wapasuaji wa mifupa wa kuhesabika kwa vidole. Daftari hilo liliwezesha kujibu swali ambalo Sweden isingeweza kulijibu: je, anayeishi na VVU anaweza kuwekewa nyonga bandia kwa usalama? Wagonjwa waliofuatiliwa Malawi walionyesha kwamba, akiwa katika tiba na hali nzuri, anaweza.

Maswali ya namna hiyo ni mengi, na hayatajibiwa Lund. Kutembea kunahitaji goti likunje nyuzi 70 hivi. Kuinuka kitini, zaidi ya 90. Goti bandia linafika hapo na kupita kidogo, mara nyingi 110 au 120. Kusujudu, au kuchuchumaa chooni, kunataka 130 na kuendelea. Mzungu hulipima goti lake kwa ngazi na kiti. Mama wa Tandahimba atalipima kwa mkeka wa sala na choo cha shimo, na fomu nyingi za kupimia matokeo hazina kisanduku cha mambo hayo. Kifua kikuu nacho hakijaondoka. Goti lililovimba miezi mingi linapaswa kuchunguzwa ugonjwa huo kabla ya mtu kutaja chuma, kama goti la msichana wa Gluck lilivyofundisha. Seli mundu, kisukari kisichodhibitiwa, umbali wa kurudi kliniki, simu iliyobadilishwa laini: yote haya yanaamua hatima ya goti, na hayaonekani isipokuwa kuna anayeyaandika.

Kwa hiyo, msomaji, kama wewe au mzazi wako mmeambiwa kwamba goti libadilishwe, ulizeni kwanza kama mazoezi, kupunguza uzito na dawa vimejaribiwa kwa dhati. Muulizeni daktari ameweka magoti mangapi mwaka jana, na kati yake mangapi yalipata usaha. Mpasuaji makini hakasiriki kwa swali hilo. Kama kuna jino bovu au kidonda mguuni, kitibiwe kabla. Kila kifaa hutoka kiwandani na stika zenye jina lake na namba ya toleo: moja ibandikwe kwenye faili, nyingine kwenye daftari lenu la kliniki, mlitunze pamoja na hati za nyumba. Rudini mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi, hata kama goti haliumi.

Na hospitali yoyote ya Tanzania, Kenya au Uganda inayobadilisha magoti haina kisingizio cha kukosa daftari la kuyafuatilia. Gharama yake ni fomu moja kwa mgonjwa na mtu wa kupiga simu. Namba za vitambulisho vya taifa tunazo sasa. Malawi waliweza mwaka 2005.